Siku ya kusaini vitabu: kwa nini fotokopi haisainiwi

Kila tunapotangaza kwamba mwandishi anakuja dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kusaini vitabu, wateja hutuuliza: nikija na kitabu nilicho nacho nyumbani, atanisainia? Atakusainia, hata kama ulikinunua Dar es Salaam au ulizawadiwa na shemeji yako. Kazi huwa ngumu pale mtu anapoleta fotokopi.

Yupo kijana wa sekondari aliyesubiri zamu yake kwa utulivu, akaamkia, "Shikamoo mwalimu," akaweka kitabu mezani. Jalada limepauka, kimebanwa kwa pini tatu za stepla, na mstari wa mwisho wa kila ukurasa umekatwa nusu. Mwandishi akakifungua, akakifunga, akaweka kalamu chini. Kijana hakuwa na kosa, maana aliuziwa akiambiwa ndicho chenyewe. Lakini aibu ile ilimpata mbele za watu, na hatutaki impate mwingine. Ndiyo maana tunalisema mapema.

Mwandishi anayejichapishia humlipa mpiga chapa kwanza, fedha taslimu, ndipo abebe maboksi kuzunguka madukani. Duka dogo kama letu halina mtaji wa kununua boksi zima, kwa hiyo tunachukua mali kauli: vikiuzwa tunamlipa, visipouzwa tunamrudishia. Aliyechapishiwa na kampuni husubiri mrabaha, yaani fungu lake katika bei ya kila kitabu kinachouzwa. Tuseme mkataba unampa asilimia 10. Kitabu cha shilingi 15,000 kinamwingizia 1,500. Katika fotokopi hapati hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaikataza biashara hiyo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo, ila mnunuzi akijua anachoshika mkononi, muuzaji wa fotokopi hana pa kwenda.

Usiitegemee namba ya ISBN peke yake. Vitabu vya Tanzania huwa na 9976, 9987 au 9912 baada ya 978, lakini mashine ikinakili jalada la nyuma hunakili na namba. Tazama mgongo wa kitabu kama umegundishwa sawasawa, tazama picha kama zimekuwa madoa meusi, pitisha kidole kwenye ukingo wa maandishi uone kama yamekaa upande.

Mwenye fotokopi hatumfukuzi. Akae, asikilize, aulize maswali kama wenzake. Akitaka kitabu halisi na fedha haitoshi, tunamwandika kwenye daftari na kumwekea nakala pembeni, adundulize mpaka amalize. Wanafunzi hasa tunawataka waje. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na watoto wetu humsoma darasani wakikua wanadhani mwandishi ni mtu wa picha za zamani. Wakimpata aliye hai, mwenye kikombe cha chai mkononi, maswali hayaishi: ulianza lini, nani alikusahihisha, kwa nini yule mama alikufa mwishoni? Kwetu sisi hayo ndiyo faida kubwa ya siku yenyewe kuliko mauzo.

Basi ukija, fika mapema. Waandishi wengi tunaowaalika hutoka Dar, mwendo wa kilomita 350 hivi, na mji wetu ni wa waja leo waondoka leo. Mwandishi naye anataka kuwahi basi. Mlangoni tutakupa kikaratasi uandike jina unalotaka liandikwe, kwa herufi kubwa. Usilidharau hilo. Asha na Aisha, Hadija na Khadija, kwa mwandishi aliyechoka mkono huwa jina moja, na wino haufutiki. Ukishasainiwa, acha ukurasa wazi kidogo; kwa unyevu huu wa pwani wino wa kalamu nzito unachelewa kukauka, ukifunga haraka unahamia ukurasa wa pili.

Walioko Pangani, Muheza au Korogwe wasiojaliwa kufika, lipieni kitabu kwa simu siku moja kabla na mtutumie jina kwa ujumbe. Tutakisainisha na kukipakia kwenye basi. Nauli ya mzigo utalipa wewe unapokipokea. Kitabu kilichokwisha kuandikwa jina hatukirudishi dukani, kwa hiyo hakikisheni jina na anayepewa kabla hamjalipa.