Tangi Kubwa, Bomba Lile Lile

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa juu ya mifereji ya sokoni, ambayo hadi leo haijazibuliwa. Nikaapa sitaandika tena. Lakini ile habari yenu ya Jumanne, yenye picha ya waheshimiwa na helmeti zao mbele ya tangi jipya, imenishinda. Eti tangi ni kubwa mara mbili, basi presha mitaani itapanda. Kwa hesabu ipi? Maji yaliyotulia hupata presha kutokana na kimo: mita 10 za maji juu ya koki ni takriban baa moja (baa ni kipimo cha presha), tangi liwe la lita 500 au milioni. Yakianza kutembea, msuguano wa bomba unaanza kula presha hiyo.

Mimi ni fundi bomba, miaka 31 hapa Bombo, na bado nilidanganywa. Mwaka jana nilimwachia kijana pesa za bomba la inchi moja kwa vyumba vyangu vya kupangisha, nikaenda Arua mazikoni. Kurudi, nakuta nusu inchi imezungushwa jiko na mwembe kwa kona 11! Namuuliza, ananijibu, "Mzee, tundu si lipo? Maji yatapita tu." Yatapita! Ukikata kipenyo nusu na maji unayataka yale yale, msuguano unakula takriban mara 32. Si mara mbili, 32. Na kila kona ya nusu inchi inakula sawa na karibu nusu mita ya bomba lililonyooka. Mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, nesi, alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuoga. Wenzake wakishafungua koki, yeye anabaki na povu kichwani na maji membamba kama uzi wa cherehani. Jirani akanishauri ninunue pampu kubwa. Kuyasukuma maji mara mbili katika bomba lile lile, msuguano unadai presha mara nne na nguvu mara nane. Umeme huo analipa nani?

Na hayo mabomba ya plastiki ya madukani siku hizi! Maandishi ubavuni yanasifu unene. Ukibonyeza kwa kidole gumba, linabonyea.

Ushauri wangu: kila anayechora laini ya maji akae mwezi mzima kwenye nyumba ya mwisho ya laini hiyo, bila jerikani. Akikosa nyumba, aje kwangu. Nesi alihama Februari, chumba kiko wazi.

Fundi bomba,
Bombo