Mawaziri wa afya wa kaunti wapimwe kwa kazi

Kwa Mhariri,

Kila gavana anapoteua waziri wa afya wa kaunti, sisi wa Pwani huuliza kwanza mteule ni wa ukoo gani na anatoka upande upi, na mara nyingi mjadala huishia papo hapo. Naomba nafasi gazetini mwako nitoe mfano wa K. K. Shailaja, aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo la Kerala, India, kuanzia 2016 hadi 2021.

Mama huyu alikuwa mwalimu wa sayansi. Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1996, na mwaka 2004 akaacha ualimu ili ashughulikie siasa peke yake. Alishindwa uchaguzi wa 2011, akarudi mwaka 2016 na kukabidhiwa afya.

Mei 2018 virusi vya Nipah, ambavyo hubebwa na popo na havina chanjo wala dawa mahususi, vilizuka wilayani Kozhikode, mji ule ule ambao rubani aliyechukuliwa hapa Malindi alimfikishia Vasco da Gama mwaka 1498. Shailaja hakuusimamia mlipuko huo kutoka ofisini katika makao makuu ya jimbo, bali alikwenda Kozhikode, akakutana na madaktari na wananchi waliojaa hofu, huku wahudumu wakiwatafuta mmoja mmoja wote waliotangamana na wagonjwa. Watu 17 walifariki, akiwemo muuguzi aliyeambukizwa akimhudumia mgonjwa, lakini ugonjwa ulizuiwa usienee jimbo zima. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura ya uwaziri.

Korona ilipofika India, mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Kerala tarehe 30 Januari 2020, na wizara yake ilikuwa imekwisha kujiandaa. Maambukizi yaliongezeka baadaye, hilo sitalificha; hata hivyo, mwaka 2021 wapiga kura wa Mattannur walimrudisha bungeni kwa tofauti ya kura 60,963. Chama chake kilipounda serikali mpya kilimwacha nje ya baraza la mawaziri, uamuzi ambao hadi leo naona haukumtendea haki. Mwaka uliofuata, baada ya kushauriana na chama, aliikataa tuzo ya Ramon Magsaysay, mojawapo ya tuzo za heshima kubwa barani Asia, akieleza kwamba kazi ile ilikuwa ya wengi.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Basi nawasihi waheshimiwa wa mabunge ya kaunti za Kilifi na Lamu, siku mteule wa afya atakapofika mbele yao kupigwa msasa, wamuulize ni zahanati ngapi za kaunti amewahi kuingia, ni zipi zilizo na muuguzi mmoja tu, na kipindupindu kikizuka kesho usiku, yeye mwenyewe atakuwa wapi asubuhi yake.

Mwalimu mstaafu,
Malindi