Wekeni kiberiti kwenye dirisha la wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu wazee wetu wanaosahau.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu, mwenye miaka 81, hospitalini. Alikuwa ametia chumvi mara mbili kwenye mtori, na jioni ile akaniuliza baba amechelewa wapi, wakati baba tulimzika miaka 9 iliyopita. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alimpa kalamu na karatasi aige mchoro, kisha akamtaka atoe saba kwenye mia, atoe tena saba, aendelee hivyo. Mama hakuwahi kuingia darasani. Akaigeuzageuza ile kalamu. "Mwanangu, mimi si mwalimu," akasema. Tukaambiwa huo ni uzee tu, tukarudi nyumbani na vidonge vya vitamini.

Daktari simlaumu. Ninacholalamikia ni kipimo. Mwanamke huyohuyo ameuza ndizi miaka 40 na chenji hakuwahi kukosea. Kipimo kinachomwangusha kila asiyesoma hakiwezi kumtofautisha mgonjwa na mzima, na daktari akishazoea kuona kila bibi anaanguka, anaacha kuangalia.

Mpwa wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyenifungua macho kwamba kazi hii ilishafanyika, tena hapa hapa Kilimanjaro, wilayani Hai. Mwaka 2010 watafiti walipita kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakadiria kuwa kama 6 katika kila 100 wana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili kidogokidogo. Baadaye kikatengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kisichotaka kalamu. Mzee anaulizwa leo ni siku gani na kiongozi wa eneo lake ni nani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni nini. Anasomewa maneno 10, na baadaye anaulizwa aliyoyakumbuka. Mwisho anapangiwa njiti 4 za kiberiti, naye apange vilevile. Alama zote ni 15. Anayepata 7 kushuka chini anapelekwa kuchunguzwa zaidi. Kimejaribiwa Nigeria pia.

Hapohapo Hai ilijaribiwa tiba isiyo na kidonge hata kimoja, iliyoanzia Uingereza ikarekebishwa iwafae hata wasiojua kusoma. Wagonjwa 34 walikutana kwa vikundi, vikao 14, wakiongozwa kwa mazungumzo na shughuli za kuamsha akili. Walipopimwa tena, uwezo wao wa kufikiri na hali ya maisha yao vilikuwa vimepata nafuu.

Sasa swali langu kwa Wizara ya Afya na halmashauri zetu: hicho kiberiti kiko wapi? Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tumesikia mengi mazuri, na kibao cha kutaka mzee apishwe kwanza kwenye foleni kimesaidia kweli. Lakini ukishapishwa ukafika dirishani, unapimwa presha, pengine na sukari, basi. Kichwa hakiulizwi. Na vijana wa huduma za afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaingia majumbani mwetu kila siku. Kumfundisha mmoja wao kipimo hiki hakuhitaji mashine wala umeme.

Huku kwetu mzee anayesahau husemwa amerudi utotoni, watu wakacheka yakaisha. Kanda ya Ziwa wapo bibi waliokatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, kosa lao macho mekundu ya moshi wa jikoni. Bibi wa namna hiyo akianza kutoka usiku na kuongea peke yake, nani atasema huyu ni mgonjwa, kama hata zahanati haijui?

Mpwa wangu alimpima mama mezani, kwa kiberiti cha jikoni. Akapata 5. Najua mwanafunzi hatoi jibu la kitabibu, lakini tulikwenda hospitali nyingine na karatasi ya alama hizo mkononi, na safari hii tulisikilizwa.

Ombi la mwisho ni kwa watafiti wenyewe. Mkirudi, mtuulize na sisi tunaowalea. Mimi nalala na ufunguo wa mlango nimeufunga kiunoni, maana mama huamka saa nane usiku akitaka kuwahi soko. Sijui kama nafanya sawa kumfungia, na hapa kijijini sijampata wa kumuuliza.

Binti anayemlea mama yake,
Machame, Kilimanjaro