Dereva tumemwona, udereva hatukuuona

Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliitaja "Getaway" miongoni mwa sinema za kukimbizana kwa magari ambazo mtu hapaswi kuzikosa. Nikamwomba mjukuu wangu anitafutie, tukaitazama usiku uleule hadi mwisho. Sasa nawadai dakika tisini.

Nimeendesha basi la mkoani miaka ishirini na miwili, Dar kwenda Mbeya. Mambo ya uigizaji siyajui sana. Lakini mtu akishika usukani haichukui muda kujua kama ni dereva au amekalia tu kiti cha dereva.

Kwa ambao hawajaiona: ni sinema ya mwaka 2013, mkasa wake uko Sofia, Bulgaria, wakati wa Krismasi. Ethan Hawke ni dereva wa zamani wa mashindano. Mkewe ametekwa, na sauti kwenye simu inamwamuru aibe gari aina ya Shelby Mustang lililofungwa kamera kila pembe, aendeshe kama anavyoelekezwa, la sivyo hatamwona mkewe tena. Baadaye anaingia binti mwenye bastola, Selena Gomez, akidai gari ni lake. Kuanzia hapo ni ving'ora na magari ya polisi kupinduka. Mengi mno, niliacha kuhesabu mapema.

Mkasa wenyewe si mbaya hata kidogo. Mume mwenye hofu, kwenye gari la watu, akiamriwa na mtu asiyemwona: dereva yeyote angeketi wima kutazama. Ukikabidhiwa gari usilolizoea, kitu cha kwanza unapima klachi inashikia wapi na breki inashuka kiasi gani. Mita mia mbili za mwanzo ni za kufahamiana. Nilingoja nimwone akifahamiana na ile Mustang, nikangoja bure.

Tatizo ni mkasi wa kukata picha. Bampa, mguu, gia, uso, taa za polisi, halafu kamera hafifu kama ya benki, halafu mguu tena, kila kipande sekunde moja au mbili. Hujui yuko barabara gani, nyuma yake kuna magari mangapi, amekata kushoto au kulia. Kona ina mwanzo, katikati na mwisho: unapunguza kabla, unaingia, unakanyaga mafuta ukitoka. Hapa tunaonyeshwa gari likielekea kwenye kona, kisha tunaliona limeshatoka, na katikati ambako ndiko udereva uliko pametupwa. Na gia! Anabadilisha gia kana kwamba gari lina kumi na tano. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa, na mtafsiri mwenyewe, mtu wa maneno mengi kama ilivyo kawaida yao tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa sinema wa zamani, ilifika mahali akasema, "Hapa wametokea wapi sijui, twendeni tu."

Msinielewe vibaya, kukatakata picha si kosa lenyewe. "Bullitt" ya mwaka 1968 nayo ni Mustang, kwenye vilima vya San Francisco, kama dakika kumi za kukimbizana, na mhariri wake wa picha, Frank Keller, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Ndiyo, kuna Volkswagen ndogo ya kijani inayopitwa zaidi ya mara moja kana kwamba ina mapacha. Nani anajali? Kila mlima unaujua unapandwa au unashukwa.

Na wale wanaoona mwendo ndio kila kitu watazame mwanzo wa "Drive" ya mwaka 2011. Dereva wa majambazi anawapa wateja wake dakika tano, hazidi hata moja. Redio moja inatangaza mpira wa kikapu, nyingine inasema mambo ya polisi. Mara nyingi amesimama tu, taa zimezimwa, polisi wanapita. Mwishowe anaingiza gari kwenye maegesho ya uwanja wakati mashabiki wanatoka, anavaa kofia, anashuka, anatembea zake. Mtu wa kutorosha watu anajua njia na anajua kungoja. Mlima Kitonga, kule Iringa kwenye njia ya Mbeya, nao ni hivyohivyo. Ukiwa na abiria sitini hushuki kwa mbwembwe. Unaweka gia ndogo ukiwa bado juu, injini inakushikia gari, breki unaitunza. Mle ndani hata anayetafuna karanga huacha. Sijawahi kuona sinema yenye hofu ya namna ile, na hakuna gari lililopinduka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwongozaji, Courtney Solomon, alijua. Karibu na mwisho, alfajiri, kamera inafungwa mbele ya gari na haikatwi kwa zaidi ya dakika moja. Mustang inafukuza gari jingine mitaani, inapenya katikati ya magari, inapunguza, inachepuka, inakanyaga tena. Hakuna uso, hakuna gia, hakuna ile sauti ya simu. Ni barabara inayokuja, na unaona mwenye usukani anavyofikiri. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatafuta breki sakafuni.

Mjukuu wangu alikuwa ameshasinzia kwenye kochi tangu katikati. Akafumbua macho, akatazama kidogo, akaniuliza, "Babu, umeweka nyingine?"

Nikamwambia ni ileile. Kabla hajajibu, mkasi ukarudi, naye akalala.

Dereva mstaafu,
Kibaha, Pwani