Kisanduku cha kutafuta kisichojua ngeli

Ndugu Mhariri,

Watu wakilalamika kwamba tovuti fulani haionekani kitu, dawa inayopendekezwa huwa ile ile: iwekewe kisanduku cha kutafuta. Kinawekwa, mtu anaandika neno, anajibiwa "hakuna matokeo", kisha anaambiwa hajui kutafuta. Tunaomba nafasi ueleweshwe umma kwa nini lawama hiyo imeelekezwa kusiko, hasa kwa tovuti na programu za simu zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Programu nyingi za utafutaji huja zikiwa na kanuni za Kiingereza. Huko wingi huonekana mwishoni mwa neno, kwa hiyo programu hukata mwisho na kulinganisha kinachobaki. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayeandika "cheti" hapewi ukurasa wenye "vyeti", wa "wimbo" haoni "nyimbo", wa "jino" haoni "meno". Kwenye vitenzi hali ni mbaya zaidi: kulipa, malipo, ulipaji, nimelipa na imelipwa vina mzizi mmoja, lakini kwa mashine hayo ni maneno matano yasiyojuana. Halafu kuna kihusishi cha a-unganifu (cha, vya, ya, wa na wenzake), ambacho wengi hukisahau. Programu ikidai kila neno lililoandikwa lionekane ukurasani, "cheti cha kuzaliwa" na "vyeti vya kuzaliwa" hukosana mara mbili, kwenye nomino na tena kwenye "cha". Orodha ya maneno ya kupuuzwa, yaani yale mashine inayoyaruka inapotafuta, inayokuja na programu mara nyingi ni ya Kiingereza. Ya, wa, la, cha, vya, za, kwa, na, ni, katika, yote sharti uyaingize mwenyewe.

Fundi mwenye haraka huamua kukata viambishi awali vyote, na hapo ndipo anapoharibu. "Kuku" akikatwa ku- anabaki "ku", na "kuta" za nyumba zinabaki "ta". Njia yenye nafuu ni ya mikono. Toa kumbukumbu za utafutaji za miezi mitatu, panga maneno kwa idadi ya mara yalivyoulizwa, chukua 100 ya juu, na kando ya kila moja andika umoja wake, wingi wake, nomino zitokanazo na kitenzi chake, na visawe. Mia ni machache, lakini katika tovuti nyingi maneno machache ndiyo yanayoulizwa tena na tena. Visawe si anasa: mmoja ataandika nywila, mwingine neno la siri, mwingine pasiwedi, kuna wa rununu na wa simu ya mkononi, wa skuli na wa shule. Programu kubwa za utafutaji hupokea orodha ya namna hii kama faili la kawaida la maandishi. Maneno yaliyorudisha sifuri yasomwe kila wiki. Nusu saa inatosha.

Tahadhari moja kuhusu kipengele cha kusamehe makosa ya tahajia. Mipangilio ya kawaida huruhusu herufi moja kukosewa hata kwenye neno la herufi nne. Kwa mpangilio huo anayetafuta "kodi" anarushiwa kurasa za "kadi", na wa "bima" anapewa "pima". Maneno ya herufi tano kushuka chini yasisamehewe kitu.

Hata kisanduku kikinyooka, wapo wengi wanaoanzia kwenye menyu, na menyu nyingi ni picha ya ofisi iliyoitengeneza: kurugenzi, idara, kitengo. Msomaji hana haja ya kujua nani anakaa chumba gani. Kabla ya kuichora, andika mada 30 hadi 50 za tovuti, kila moja kwenye kadi yake, uwape watu wapatao 15, mmoja mmoja, wazipange mafungu na kuyapa majina. Wawe watumiaji, si wafanyakazi wa ofisi. Kadi zisirudie neno moja. Ukiandika "Maombi ya leseni", "Maombi ya kibali" na "Maombi ya uhamisho", watu watazikusanya kwa ajili ya hilo neno maombi, nawe utadhani umegundua fungu. Fungu likiitwa "Nyinginezo", lifumue mara moja. Hilo ni jalala.

Rasimu ya menyu ijaribiwe bila rangi wala picha: vichwa na vichwa vidogo tu, pamoja na kazi nane hadi kumi ambazo watumiaji huzifanya kweli. Swali lisitumie neno lililomo kwenye menyu. Ukiuliza "Utabadilisha wapi neno la siri?" na menyu ina "Badilisha neno la siri", umepima macho tu. Uliza hivi: "Umesahau unachoandika ili kuingia kwenye akaunti yako. Ungeanzia wapi?" Tazama hasa alipobofya mara ya kwanza, maana aliyepotea pale mara nyingi hafiki. Ile kanuni kwamba kila kitu kiwe ndani ya mibofyo mitatu isikusumbue. Mtu haachi kwa sababu ya mbofyo wa nne. Anaacha pale mbofyo uliotangulia usipompa dalili kwamba anakaribia.

Wengine hukimbilia orodha ya kialfabeti kwa kuwa haionekani kupendelea upande. Kwa Kiswahili huzibika haraka. Huduma zikiandikwa "Kulipa ada", "Kupata kibali", "Kubadilisha anwani", zote huangukia K. Zikianza na "Maombi ya" au "Malipo ya", hurundikana M, pamoja na umoja wote wa ngeli ya m-wa. Wanakamusi walilikwepa hili zamani kwa kuingiza vitenzi bila ku-. Tovuti nayo itangulize jambo lenyewe: "Ada: kulipa", "Anwani: kubadilisha".

Nyaraka zilizoskaniwa zina tatizo lao. Tangazo lililopigwa muhuri, likaskaniwa na kupandishwa kama PDF ni picha, hata kama limejaa maneno. Jaribio ni la sekunde tano: jaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Likikataa, utafutaji wa tovuti yako nao haulioni, na programu inayomsomea asiyeona itanyamaza. Lipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, au bora zaidi yaliyomo yachapwe kama ukurasa wa kawaida na PDF iambatanishwe. Faili lisiitwe "scan0012". Na viungo navyo: "bofya hapa" au "soma zaidi" mara kumi katika ukurasa mmoja haisemi lolote kwa anayepitisha macho, wala kwa asiyeona ambaye programu yake humworodheshea viungo pekee.

Katika msimbo wa kila ukurasa kuna sehemu ya kutaja lugha. Violezo vingi huja na "en". Ikiachwa hivyo, programu ya kusoma kwa sauti inaweza kutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu. Iwekwe "sw". Ni herufi mbili tu, na ajabu ni jinsi zinavyosahauliwa.

Mwisho ni uhamaji. Tovuti ikijengwa upya, anwani za zamani hutupwa, na viungo vilivyokwisha kusambazwa kwenye barua pepe, mabango na injini za utafutaji hufa siku hiyo hiyo. Ziorodheshwe zote kabla ya kazi kuanza, na kila moja ielekezwe kwenye ukurasa unaochukua nafasi yake kwa msimbo wa 301, yaani jibu la seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. 302 ni wa muda. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni njia ya mkato inayopendwa sana, na matokeo yake ni kwamba aliyefuata kiungo cha fomu anajikuta mlangoni bila kuambiwa kilichotokea. Kama ukurasa umeondolewa na haurudi, seva ijibu 410, na maandishi yaseme hivyo waziwazi, pamoja na mahali pa kuuliza.

Wasomaji wako,
Wapangaji wa maudhui ya tovuti