Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujamhukumu Rosa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua tangu mvua zianze. Jumapili uliniambia mmepewa insha juu ya riwaya ya *Rosa Mistika*, na wewe umeshakata shauri: "Baba, Rosa alijitakia." Nikakwambia salio linakwisha. Nilikudanganya. Salio lilikuwepo, nilikosa la kusema.

Kitabu hicho cha Kezilahabi kilitoka mwaka 1971, na kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Sisi tulikisaka kwa sababu hiyo hiyo, nakala yetu haikuwa hata na jalada. Nilipokuwa na umri wako nilimlaumu Rosa kama wewe. Mwaka huu nimekirudia, na aliyenikamata ni Zakaria.

Mtazame vizuri yule baba. Mlevi, nyumba inabebwa na mkewe Regina, halafu siku binti anapoandikiwa barua na Charles ndipo anapokumbuka ubaba wake, kwa kipigo. Rosa akaondoka Ukerewe kwenda kusoma hajui kumkataa mwanamume wala kumkubali. Alichofundishwa ni kuogopa tu. Sasa fimbo imebaki kijijini. Woga usiokuwa na msimamizi unakaa siku ngapi? Ulipomtoka, akaangukia mikononi mwa wanaume.

Sisemi hakuwa na hiari. Alikuwa nayo, na alipotaka kujirekebisha aliitumia. Lakini Charles, yule yule wa barua, akamkataa kwa kuwa si bikira. Charles mwenyewe nani alimuuliza habari zake? Mila iliyomlea ilihesabu makosa ya msichana peke yake. Hapo Rosa akajiua. Sijui kama mwalimu wenu atapenda uyaandike haya, yaandike.

Ukitaka mfano wa kupinga, mchukue Kongowea wa *Siku Njema* ya Ken Walibora. Mwana wa nje ya ndoa, mama anamfia Tanga angali mdogo, baba hamjui. Dhiki tele, naye hakuharibika: aliifunga safari hadi Kenya kumtafuta baba yake. Utasema basi mazingira si hoja. Mimi naona mama yake, Zainabu, kabla hajafa, alishamwonyesha mtoto kwamba anapendwa. Hayo nayo ni mazingira, ila hatuyahesabu kwa kuwa hayapigi kelele.

Sasa lililonifunga mdomo Jumapili. Unakumbuka kidato cha pili, nilipokuta ujumbe wa yule kijana kwenye simu? Sikukupiga, na kwa miaka mingi nimejisifu kwa hilo. Lakini nilikaa wiki tatu bila kukusemesha. Mama yako alisema wakati ule kuwa afadhali ningekuchapa yakaisha. Tangu hapo simu yako inalala kifudifudi mezani, nami najifanya sioni.

Ukifunga shule njoo na kitabu. Tukae barazani tuisome ile sura ya kipigo kwa sauti. Wewe usome maneno ya Rosa, mimi nitasoma ya Zakaria.

Baba yako