Taa mpya zimulike pia njia ya miguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie taa za LED zilizofungwa karibuni kwenye barabara ya mtaani kwetu, jijini Dar es Salaam, badala ya zile za sodiamu zenye mwanga wa rangi ya chungwa. Kwa upande wa umeme sina ugomvi: kwa kuwa urefu wa usiku wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, taa ya sodiamu ya wati 250 hula yuniti 3 kila usiku, ukiacha zinazopotelea kwenye balasti, kifaa cha kudhibiti umeme wa taa hiyo, ilhali ya LED ya wati 100 hula yuniti 1.2.

Ugomvi wangu ni mahali mwanga unapoangukia. Sodiamu ilisambaza mwanga ovyo hadi vibarazani mwetu, na katika upotevu huo mwenda kwa miguu naye alipata chake. LED humulika pale tu lenzi zake zilipoelekezwa, na hizi zimeelekezwa kwenye lami. Nguzo ya tatu kutoka kituo cha daladala imepakana na mwarobaini; lami inang'aa, lakini chini ya mti, kwenye njia ya miguu na mtaro usio na mfuniko, ni giza tupu. Saa kumi na moja alfajiri mama muuza vitumbua hupita hapo, ndoo kichwani, akijimulikia kwa tochi ya simu.

Kuongeza wati hakutasaidia. Nguzo hiyohiyo ifungwe mkono wa pili, mfupi na wa chini, unaotazama njia, na matawi yapunguzwe. Rangi nayo iangaliwe: mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za barabarani zisizidi kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, weupe wenye ubluu huzidi), kwa kuwa weupe wenye ubluu huumiza macho na kuvuruga usingizi. Zetu ni nyeupe kama za karakana.

Tena, kinachokufa mapema katika taa hizi kwa kawaida si diodi, yaani vipande vinavyotoa mwanga, bali kifaa cha kuzilisha umeme, hasa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Basi zabuni idai kinga na vipuri.

Nawaomba wahusika, kabla ya kutia saini hati ya kupokea kazi, waache gari kituoni na waipite njia hiyo kwa miguu, usiku, simu zikiwa mfukoni.

Mkazi wa Dar es Salaam